Nimepumzishwa dawa ya saratani, mbona ndiyo kwanza nimechoka?

Mwezi huu barua nyingi zimegusa jambo moja: siku zile ambazo mgonjwa wa saratani hayuko hospitali, hatundikiwi dripu, yuko nyumbani anasubiri tarehe. Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ndani yake wamo wengi.

Shikamoo Mama Nesi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 43, naishi Muheza. Mwezi wa tano niligunduliwa saratani ya titi la kushoto. Nimeshatundikiwa dripu tatu za kemo, dawa ya saratani, pale hospitali ya Ocean Road Dar es Salaam, ile nyekundu, kila baada ya siku 21. Nilipokwenda kwa ya nne walinipima damu, daktari akaangalia karatasi akasema chembe nyeupe ziko chini, hawezi kunipa. Akaniambia nirudi nyumbani wiki mbili, nipumzike, nile vizuri, kisha nirudi kupimwa tena.

Nilidhani nitafurahi. Mama Nesi, nimelia kwenye basi kuanzia Chalinze mpaka Segera. Naona kama ugonjwa umepata upenyo. Kila nikijipapasa nahisi uvimbe umekua. Mchana nalala kama mtoto mchanga, na nikifua kanga mbili tu mikono inatetemeka. Mama mkwe anauliza, kama dawa umesimamishwa, umelala kwa lipi? Ameniletea majani ya mstafeli nichemshe ninywe asubuhi na jioni, anasema huu ndio wakati wake maana dawa za hospitali zimepisha. Wageni ndio usiseme, jioni sebule inajaa, na wengine wanakohoa. Wengine wameniambia niache sukari na nyama kabisa, ndivyo vinavyolisha saratani. Sasa nile nini? Na haya mapumziko hasa ni ya nini?

Mwalimu, Muheza

Marahaba, mwalimu wangu. Pole sana, na pole ya safari.

Nilipofika pale pa Chalinze na Segera niliiweka barua chini kwanza. Wasomaji wa siku nyingi wanajua, mimi nilikuwa muuguzi kabla ya kuwa mgonjwa. Mwaka 2013, nikiwa na miaka 27 kazini, nilikutwa na ugonjwa huo huo, titi la kulia. Baada ya dripu ya tatu nami nikaambiwa rudi nyumbani, damu haitoshi. Wagonjwa niliokuwa nimewaeleza habari za chembe nyeupe hata hawahesabiki, kwa sauti ya upole na mkono begani. Lakini siku karatasi ilipokuwa na jina langu, niliisoma kama hukumu. Kwa hiyo sitakwambia usilie. Nitakwambia kinachoendelea ndani ya mwili wako, maana mimi kilichonikausha machozi kilikuwa hicho.

Dawa ya kemo haina macho. Yenyewe inatafuta chembe zinazogawanyika upesi, na saratani ni hodari wa kugawanyika. Lakini mwilini saratani haiko peke yake katika hilo. Mizizi ya nywele nayo inagawanyika upesi, ndiyo maana nywele zimekutoka. Ngozi laini ya mdomo na ya utumbo nayo ni hivyo hivyo, ndiyo maana vidonda na kuharisha. Na uboho, ule ute ulio ndani ya mifupa, kiwanda cha damu yako yote, haupumziki usiku wala mchana. Dripu ikiingia, kiwanda kinapigwa. Chembe nyeupe zinashuka, mara nyingi zinafika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14, halafu zinaanza kupanda. Siku 21 ulizopangiwa zimewekwa kwa hesabu hiyo. Kwa wengi kiwanda kinakuwa kimesimama tena siku hiyo ikifika. Kwa wengine kinachelewa. Chako kimechelewa, basi.

Kwenye karatasi ya damu kuna aina moja ya chembe nyeupe, neutrofili, ambazo ndizo askari wa kwanza wa bakteria. Madaktari wengi wanataka ziwe angalau 1.5, yaani bilioni 1.5 katika lita moja ya damu, kabla ya kutundika dripu nyingine. Ukitundikiwa zikiwa chini sana, maambukizi yanaweza kukuua haraka kuliko ugonjwa. Daktari aliyekurudisha hakukunyima dawa. Alikataa kukutuma vitani bila askari.

Je, uvimbe unakua wakati unasubiri? Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa: kuchelewa kuna maana, na ndiyo sababu umepewa wiki mbili, si miezi miwili. Lakini kusogeza dripu wiki moja au mbili kwa ajili ya damu ni jambo linalotokea kila siku kwenye kliniki za saratani. Liko ndani ya tiba, si nje yake. Wajibu wako ni mmoja, kurudi tarehe ile ile uliyoandikiwa, hata kama siku hiyo utajisikia mzima wa kwenda kulima. Na acha kujipapasa, nakuomba. Mimi nilijibonyeza mpaka titi likavimba kwa kubonyezwa, nikaenda kliniki nimekonda kwa hofu. Mwache daktari apime kwa kipimo chake na aandike kwenye faili.

Sasa huo uchovu. Neutrofili zinaishi siku chache tu, kwa hiyo kiwanda kikiamka zenyewe zinarudi mapema. Chembe nyekundu, zinazobeba hewa kupeleka kwenye misuli, zinaishi siku zipatazo 120. Zinapungua polepole, dripu baada ya dripu, na kurudi kwake nako ni polepole. Ndiyo maana unaweza kuambiwa damu imepanda, ukatundikiwa, na bado kanga mbili zikakutetemesha. Mwambie mama mkwe hivi kwa heshima: Mama, hujanikuta nimelala bure, nimelala natengeneza damu. Ni kweli tupu. Ila usilale kutwa. Usingizi wa mchana usizidi saa moja, la sivyo usiku utahesabu mabati. Na kila asubuhi kabla jua halijawa kali, tembea. Mimi nilianza kutoka mlangoni mpaka kwenye mwembe wa jirani na kurudi, dakika kumi, nimeshika mkono wa mpwa wangu. Wiki ya pili nilifika dukani. Ukitembea kidogo kila siku uchovu wa kemo unapungua kuliko ukikaa kitandani. Mgonjwa hasadiki mpaka ajaribu. Kanga afue mwingine. Nguvu ulizonazo kwa siku ni chache, chagua zitumike wapi. Kama ni kumsikiliza mwanao akisoma, basi zitumike hapo, sahani zisubiri.

Jambo ninalotaka ulisome mara mbili, na umsomee mumeo, ni homa.

Siku ya nne ya mapumziko yangu kulikuwa na harusi ya binti wa kaka yangu, Bagamoyo. Nilikuwa najisikia vizuri. Nikajifunga kitambaa kichwani, nikaenda. Nilikumbatiwa na ukumbi mzima. Nilikula pilau na kachumbari, na juisi ya miwa nikanywa. Usiku wa pili yake nikaanza kutetemeka kitandani kwa dada. Kwetu sisi homa ni malaria, ndivyo tulivyokua. Nikameza panadol mbili, nikamtuma kijana duka la dawa akaleta dawa mseto, nikaanza dozi. Panadol ikashusha joto, nikalala. Dada akamwambia kila mtu, amepata nafuu. Saa tisa alasiri sikuweza kusimama. Walinipakia kwenye bajaji nikiwa nasikia sauti zao kwa mbali kama watu walio ng'ambo ya mto. Presha ilikuwa imeshuka, bakteria walikuwa wameshaingia kwenye damu. Nililala wodini siku tisa, dawa za bakteria zikipita kwenye mshipa. Nimewahi kufundisha wanafunzi wa uuguzi kuhusu jambo hili hili, nikiwa nimesimama mbele ya ubao. Na bado nilimeza panadol nikalala.

Kwa hiyo, mwalimu wangu, nunua kipimajoto leo, vinauzwa duka la dawa. Pima asubuhi na jioni, chini ya ulimi, ukiwa hujatoka kunywa chai ya moto. Pima pia kila ukihisi baridi isiyo na sababu. Kikisoma 38 au zaidi, unakwenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane usiku. Usimeze panadol kwanza uone. Panadol inaficha joto, lakini bakteria wanaendelea na kazi yao. Usianze dawa ya malaria kwa kukisia. Ukifika, sentensi ya kwanza kutoka kinywani mwako, kabla ya jina, iwe hii: natumia dawa za kemo na chembe zangu nyeupe ziko chini. Onyesha kadi yako ya kliniki. Watakupima malaria, sawa, lakini hata ikikutwa, waombe wasiache kuangalia bakteria. Na ukitetemeka sana, au ukichanganyikiwa, au ukiishiwa pumzi, nenda hata kama kipimajoto kinasema 37. Mwili uliokosa askari wakati mwingine hauna hata nguvu ya kupandisha joto. Panga sasa hivi, kukiwa bado salama, ni nani atakayekupeleka usiku na bodaboda au gari ni la nani. Andika namba ukutani.

Wageni wapokelewe barazani, penye hewa. Weka ndoo yenye koki na sabuni mlangoni, kila mtu anawe kabla ya kukushika mkono. Anayekohoa ashukuriwe kwa mapenzi yake arudi akipona. Wewe usiseme, utaonekana una maringo. Aseme mumeo, na aseme "daktari amekataza", maana hilo hakuna anayebishana nalo. Darasani usiende kwanza, hata kuwasalimia watoto. Najua watakulilia. Lakini kwenye madawati sitini hakosekani mwenye mafua au tetekuwanga, na tetekuwanga kwako wewe sasa si ugonjwa wa watoto.

Majani ya mstafeli usinywe. Tunda lake ni tunda tu, ukilitamani likate ule. Lakini majani yaliyochemshwa kila siku ni dawa, na dawa ina mzigo wake. Ini linalosafisha kemo ndilo litakalosafisha na huo mchemsho. Tena mstafeli una kemikali inayojulikana kudhuru mishipa ya fahamu, na baada ya ile nyekundu, wengi wenye ugonjwa wetu wanahamishiwa dawa inayotia ganzi vidoleni. Huna haja ya kuongeza ganzi juu ya ganzi. Na ukinywa, halafu vipimo vya ini vikaja vibaya, daktari hatajua amlaumu nani, atasimamisha dripu tena.

Ila mama mkwe usimrudishie majani yake mkononi. Mwanamke huyo ametoka kwake akatafuta mti, akachuma, akabeba. Anaogopa kama wewe na hana kazi ya kufanya na hofu yake. Mpe kazi. Mwambie, mama, daktari amesema nile uji wenye nguvu na hakuna anayejua kuupika kama wewe. Ulezi, karanga zilizokaangwa zikasagwa laini, maziwa yaliyochemka mpaka yakapanda, sukari kidogo. Kikombe saa nne, kikombe saa kumi. Mkwe wangu mimi alikuwa mkali kama pilipili kichaa. Nilipompa mwiko hakuuliza tena kwa nini nimelala. Alikuwa akikaa pembeni anahesabu mafunda.

Na hapo utaona nimeweka sukari. Chembe zote za mwili zinatumia sukari, nzima na mbovu. Ukiunyima mwili sukari, wenyewe utaitengeneza kutoka kwenye misuli yako, utakonda wewe. Soda na keki za kutwa si chakula cha mtu yeyote, lakini kijiko kwenye uji hakilishi uvimbe. Nyama usiache. Kiwanda cha damu kinajengwa kwa vitu kama nyama, mayai, samaki, dagaa, maharage, kunde, choroko. Pika viive, yai liwe gumu mpaka kiini, nyama isiwe na wekundu. Maziwa mabichi, kachumbari, juisi za barabarani, vyote acha mpaka damu ipande. Tunda ulilolimenya mwenyewe kwa mikono iliyonawa halina neno, na uko Muheza, machungwa yamejaa kila kona. Isipokuwa kama una vidonda mdomoni, hapo chungwa litakuchoma. Chukua lita moja ya maji yaliyochemka yakapoa, kijiko cha chai cha chumvi, sukutua kila baada ya kula, tema.

Chakula kikiwa na ladha ya chuma, kula kwa kijiko cha plastiki au cha mti. Ladha itarudi. Mimi ilirudi siku ya kumi na moja baada ya kutoka wodini, saa kumi jioni. Dada alinipa chai ya rangi kwenye kile kikombe chake cha bati chenye ua la bluu lililobanduka. Nikapiga funda, nikasikia mchaichai. Wiki sita nilikuwa nakunywa maji ya moto yenye rangi tu. Nikamwambia dada, umetia mchaichai. Akasema, mbona nautia kila siku. Tukakaa pale kimya, mimi nikanywa kikombe kizima, nikaomba kingine.

Uliuliza mapumziko haya ni ya nini. Ni ya kikombe kile, mwalimu wangu. Ni ya uboho kuamka na ulimi kuamka, na wewe kujikumbuka kuwa ni mtu, si faili. Hofu inakuja zaidi sasa kwa sababu ratiba ya hospitali imeondoka, umebaki na mawazo. Hilo nalo lina mahali pake pa kusemwa. Mtafute mmoja, mume au shoga yako wa shuleni, umwambie yale ya kwenye basi. Na anza daftari. Langu bado ninalo, la kurasa 48, nyuma lina jedwali la kuzidisha. Kila siku mistari mitano: joto asubuhi, joto jioni, nimekula nini, nimelala vipi, swali la daktari. Siku ya kurudi nilimfungulia daktari, akasoma kimya kurasa zote kumi na nne, halafu akaniuliza mambo ambayo hajawahi kuniuliza.

Mama Nesi, habari za kazi.

Nina miaka 61, mkulima wa mboga Mgeta, Morogoro. Mwaka jana nilifanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana, kisha kemo kila baada ya wiki mbili. Sasa daktari amenisimamisha mwezi mmoja kwa sababu ya ganzi ya vidole. Huku kwetu baridi. Asubuhi nikigusa maji ya bomba ni kama nimeshika umeme. Kinachonishangaza, dawa nimesimama wiki ya tatu lakini ganzi ya miguuni naona inaongezeka. Je, dawa imeniharibu kabisa? Na nikiwa mapumzikoni naweza kurudi kwenye kabichi zangu?

Mkulima, Mgeta

Salama, kaka. Poleni na baridi.

Hiyo ya umeme kwenye maji na hiyo ya miguu ni mambo mawili tofauti, ingawa chanzo ni dawa moja. Ya baridi huwa inapoa siku kadhaa baada ya dripu, lakini ukipewa dawa mara nyingi inakaa zaidi, na Mgeta haikusaidii. Oga na unawe maji ya vuguvugu, vaa soksi na glovu za sufu alfajiri, usivute hewa ya baridi mdomo wazi. Ya miguu ndiyo iliyomfanya daktari akusimamishe, na alifanya vema. Dawa hiyo ina tabia ya kuendelea kuuma mishipa hata baada ya kuachwa, ganzi inaweza kuongezeka kwa miezi michache, halafu ndipo inaanza kupungua, taratibu, mwezi hadi mwezi. Kwa hiyo usione inaongezeka ukadhani umeharibika moja kwa moja. Ila mwambie daktari ilivyo. Ujipime hivi: kila asubuhi funga vifungo vya shati bila kuangalia. Siku ukishindwa kifungo ulichokiweza jana, usingoje mwezi uishe.

Kabichi, kaka, uzisimamie, usizilime. Mguu wenye ganzi haujui umekanyaga nini. Nimemwona mzee mmoja aliyetembea kutwa na kipande cha chupa kwenye unyayo, akagundua kwa damu iliyokuwa kwenye mkeka. Ukienda shambani vaa buti za mpira zenye soksi nzito ndani, na kabla ya kuvaa zikung'ute. Panga mpe kijana. Usiku, kabla ya kulala, mama wa watoto akuangalie nyayo na katikati ya vidole kwa tochi, kila siku. Maji ya kuoga uyapime kwa kiwiko, mkono wako utakudanganya. Na usibebe magunia, mshono wa tumbo unaweza kuonekana umepona kwa nje huku ndani bado. Zile chupa za vitamini za mishipa wanazouza kwenye mabasi, hela yake nunua mayai.

Mama Nesi, shikamoo.

Mama yangu ana miaka 52, ana saratani ya mlango wa kizazi. Alipangiwa mionzi 25, siku tano kwa wiki, na baadaye mionzi ya ndani. Amepata 14. Hela ya chumba tulichopanga Dar es Salaam ikaisha, naye anaharisha na amedhoofu, tukaona tumrudishe Kilwa apumzike mwezi mmoja apate nguvu. Hii ni wiki ya kwanza. Kwa kweli amependeza, anakula, amecheka. Tunauliza, mwezi unatosha au tumwongezee?

Binti, Kilwa Masoko

Marahaba, binti yangu. Barua yako ilinifikia Jumatano na nilikupigia simu jioni hiyo hiyo. Naandika hapa kwa ajili ya mama wengine walio mikekani mwao sasa hivi wakidhani wanapona.

Mionzi haina mapumziko ya namna hiyo. Mwalimu wa Muheza amepumzishwa na daktari, baada ya kipimo, kwa tarehe. Mama yako amepumzishwa na kodi ya chumba. Mionzi inatolewa kidogo kidogo kila siku kwa sababu chembe nzima zinajirekebisha katikati ya siku na siku, lakini saratani haiwezi vizuri kama zile nzima. Jumamosi na Jumapili ndiyo mapumziko yake. Ukiacha pengo la wiki, saratani iliyojeruhiwa nusu inapata nafasi ya kujizalisha upya, na zile siku 14 alizovumilia zinapungua thamani. Kwa mlango wa kizazi madaktari wanajitahidi tiba yote, ya nje na ya ndani, iishe ndani ya wiki nane. Saa inahesabu tangu siku ya kwanza, na haisimami kwa sababu mama yuko Kilwa.

Kuharisha si sababu ya kukimbia mionzi, ni jambo la kumwambia muuguzi wa chumba cha mionzi siku lilipoanza. Zipo dawa zake. Nyumbani na safarini ni maji ya chumvichumvi ya pakiti, uji wa mchele, ndizi mbivu, na maziwa kuyaacha kwa muda. Ngozi iliyoungua asiipake liwa wala mafuta ya karafuu, aioshe kwa maji tu, aikaushe kwa kugusagusa na kanga iliyochakaa.

Hela najua ni hela, sitazungumza kama haipo. Kwenye hospitali za rufaa kuna ofisi ya ustawi wa jamii. Nendeni hapo siku hiyo ya kurudi, kabla ya kitu kingine, mseme ukweli wote wa chumba na nauli. Niliwaona wengi waliofika mlango ule wakasaidiwa, na wengi zaidi walioupita kwa aibu. Kikoba cha mama kinaweza kumkopesha. Msikitini kwenu kuna watu wanaotafuta pa kutoa sadaka. Na kama kuna ndugu yeyote Dar es Salaam mwenye sakafu ya kutandika godoro, huu ndio wakati wa kumwomba.

Uliniambia mama anasita kwa ajili ya ufuta ulio shambani. Ufuta utavunwa na kaka zako.

Nilipokuwa namalizia ukurasa huu, Jumapili jioni, ujumbe wako umeingia: mmefika Mbagala kwa shangazi, mama ameoga, amekula ndizi mbili. Alhamdulillahi. Kesho asubuhi mwende mapema. Mwambie muuguzi idadi kamili ya siku mlizokosa, usipunguze hata moja kwa kuogopa kugombezwa, maana daktari atapanga hesabu mpya kwa siku hizo. Na beba kanga ile iliyochakaa.